Maswali Yenu: Vifo vya Wanabesiboli wa Marekani na Vyanzo Vyake

Mwezi huu safu nzima tumewaachia wasomaji waliouliza kuhusu wachezaji wa kulipwa wa besiboli ya Marekani waliofariki wakiwa bado wanacheza, au muda si mrefu baada ya kutundika daluga. Kwa asiyeujua mchezo: mtupaji hurusha mpira, mpigaji huusubiri na gongo mkononi, mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na anayeupiga vizuri hukimbia kuzizunguka besi, yaani vituo vinne vya uwanjani. Ukiyajua hayo, hutapotea.

SWALI: Nasikia katika historia yote ya Ligi Kuu ni mchezaji mmoja tu aliyeuawa na mpira. Mpira ule ni mgumu kama jiwe, nashindwa kuamini. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, kwa Ligi Kuu peke yake. Ni Ray Chapman wa Cleveland, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, aliyekuwa na umri wa miaka 29. Alipigwa tarehe 16 Agosti 1920 katika uwanja wa Polo Grounds, New York, zamu ya tano ilipokuwa inaanza. Aliyetupa ni Carl Mays wa New York Yankees.

Kilichomuua Chapman si jambo moja. Mays alikuwa na mtindo wa kuinama, mkono ukitokea chini karibu na ardhi, kwa hiyo mpira ulitoka mahali ambapo jicho la mpigaji halikuzoea kuutafuta. Chapman naye alipenda kusimama karibu kabisa na bamba, ile alama ya ardhini ambayo mpigaji husimama kando yake, kichwa kikiwa kimetangulia mbele. Siku hiyo ilikuwa ya mawingu. Na mpira wenyewe ulikuwa umechakaa: enzi zile mpira mmoja ulichezewa kwa muda mrefu, ukapakwa udongo, mate na maji ya tumbaku, mpaka ukawa na rangi ya vumbi la uwanja. Wenye timu walikuwa wamelalamikia gharama ya kubadilisha mipira, na waamuzi wakahimizwa kubana matumizi. Walioshuhudia walisema Chapman hakusogea hata kidogo. Dalili zote ni kwamba hakuuona.

Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Mays alidhani mpira umegonga gongo. Uliporudi ukibingirika kwake, aliuokota akamrushia Wally Pipp kwenye besi ya kwanza, akiamini amemtoa mpigaji. (Likumbuke jina la Pipp, tutakutana naye tena.) Chapman alianguka, akasaidiwa kusimama, akaanza kutembea kuelekea chumba cha kubadilishia nguo kilichokuwa upande wa mbali wa uwanja. Karibu na besi ya pili miguu ikamwisha nguvu. Hospitalini walikuta fuvu limepasuka upande wa kushoto na kubonyea ndani. Madaktari walimpasua baada ya saa sita usiku na kuondoa kipande cha mfupa, lakini ubongo ulikuwa umeumia pande zote mbili: kushoto ulikogongwa, na kulia ulikosukumwa ukajigonga kwenye fuvu kwa ndani. Kulipokaribia kupambazuka, tarehe 17, alikuwa amefariki.

Tunaongeza mambo mawili, kwa sababu hupotoshwa sana. La kwanza, watu husema mpira wa mate, yaani ule unaopakwa mate kabla ya kutupwa, ulipigwa marufuku kwa ajili ya Chapman. Sivyo. Marufuku ilikuja mapema mwaka huohuo, kabla msimu haujaanza, na watupaji 17 waliokuwa wakiutegemea wakaachiwa waendelee nao hadi wastaafu. Wa mwisho wao, Burleigh Grimes, alicheza hadi 1934. Kilichobadilika baada ya kifo ni kwamba waamuzi walianza kuutoa uwanjani mpira uliochafuka na kuleta mweupe. La pili, wapo wanaomtaja Mike Powers, mdakaji wa Philadelphia, aliyeumia tumboni tarehe 12 Aprili 1909 katika mechi ya ufunguzi wa uwanja wa Shibe Park na kufariki majuma mawili baadaye baada ya kupasuliwa mara kadhaa. Inasemekana alijigonga ukutani akifukuzia mpira. Hata hivyo, kama ni ule mgongano uliomuua au ugonjwa wa utumbo uliokuwamo mwilini tayari, wanahistoria hawajakubaliana hadi leo. Na kumbuka kuwa hesabu ya “mmoja tu” haiingizi ligi ndogo. Huko wamekufa wapigaji wengine kwa kupigwa kichwani.

SWALI: Mpigaji anauona mpira unakuja. Kwa nini asikwepe?

JIBU: Piga hesabu nasi. Kutoka alipo mtupaji hadi bamba ni mita 18.44, lakini mtupaji hupiga hatua ndefu mbele kabla ya kuachia, kwa hiyo mpira husafiri karibu mita 17. Kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, yaani mita 42 hivi kwa sekunde, safari hiyo huchukua sekunde 0.4. Katika muda huo mpigaji lazima aone, atambue aina ya mpira, aamue, kisha mwili utii. Kwa mpira wa kawaida hilo linawezekana kwa shida. Tatizo ni ule unaopinda: mpigaji hufundishwa asirudi nyuma kila mpira unapoelekea mwilini, kwa sababu mingi hupinda ikaingia eneo halali. Kwa hiyo ule usiopinda humkuta bado amesimama. Wengine hukosea kwa namna mbaya zaidi: hugeuza uso kumwelekea mtupaji au kuinua kichwa. Makocha hufundisha kinyume chake, yaani geuza bega la mbele kumwelekea mdakaji, ficha kidevu kifuani, shusha gongo, mpira uupokee mgongoni. Utauma, lakini mgongo hauna ubongo ndani yake.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149: kiini cha koki na raba, nyuzi zilizosokotwa kwa kubana, na ngozi iliyoshonwa kwa mishono 108. Haubonyei sana unapogonga, na ndiyo maana nguvu yake karibu yote humwishia aliyegongwa.

SWALI: Baada ya kifo cha Chapman, bila shaka helmeti zililazimishwa mwaka uliofuata?

JIBU: Laiti. Ilipita miaka 51.

Wachezaji wenyewe ndio waliokuwa kikwazo kikubwa, kwani kujikinga kulionekana ni woga. Mdakaji Roger Bresnahan alikuwa amejaribu kinga ya kujazwa hewa tangu 1907, ikachekwa. Mwaka 1941 Brooklyn Dodgers, baada ya wachezaji wao kupigwa vichwani, walianza kushonea vibamba vya plastiki ndani ya kofia za kitambaa. Helmeti kamili ilikuja na Pittsburgh Pirates mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya meneja mkuu wao, Branch Rickey. Kati ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, Ligi ya Taifa ilidai kinga ya kichwa mwaka 1956, Ligi ya Marekani mwaka 1958, ila vibamba vya ndani ya kofia vilikubalika. Helmeti ngumu ikawa lazima mwaka 1971, na hata hapo waliokwishakuwamo ligini waliachwa wachague. Bob Montgomery wa Boston alipiga bila helmeti hadi alipostaafu mwaka 1979. Kifuniko cha sikio kikawa lazima kwa wachezaji wapya mwaka 1983, na mwaka 2013 Ligi Kuu nzima ikahamia helmeti zilizojaribiwa kwa mpira wa maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161.

Mtupaji, ambaye mpira uliopigwa humrudia kwa kasi kuliko alioutupa, bado husimama na kofia ya kitambaa. Kofia zenye pedi ziliidhinishwa mwaka 2014, lakini ni nene, na ni wachache mno waliozivaa. Tukiulizwa pengo kubwa la usalama lililobaki katika mchezo huu liko wapi, tutajibu ni hapo.

SWALI: Kuna kocha aliyekufa akiwa amesimama pembeni tu. Alifikwa na nini?

JIBU: Ni Mike Coolbaugh, umri miaka 35, kocha wa Tulsa Drillers, timu ya ligi ndogo iliyokuwa chini ya Colorado Rockies. Tarehe 22 Julai 2007, huko North Little Rock, Arkansas, alikuwa amesimama kwenye eneo la kocha karibu na besi ya kwanza. Mpigaji wa timu yake mwenyewe aliuchapa mpira ukaenda moja kwa moja na kumpiga Coolbaugh shingoni, upande wa kushoto chini ya sikio. Msimu uliofuata, 2008, makocha wa besi wakalazimishwa kuvaa helmeti.

Sasa angalia uchunguzi wa maiti ulivyosema. Fuvu halikuwa tatizo. Mpira ulipasua ateri inayopanda kwenye ubongo kupitia mifupa ya shingo, damu ikamwagikia ndani. Helmeti ya kocha haifuniki shingo. Sheria hiyo ni nzuri na tunaiunga mkono, ila ajali iliyoizaa si ajali ambayo ingeizuia. Kinachomsaidia kocha zaidi ni kusimama mbali na mstari na kutoondoa macho kwa mpigaji wakati mtupaji anaachia mpira, hata kama kuna mkimbiaji wa kuelekezwa.

Baadaye mwaka huo, Rockies walipofika hatua za mwisho za ubingwa, wachezaji walipiga kura familia ya Coolbaugh ipewe fungu kamili la zawadi.

SWALI: Nafundisha vijana besiboli. Nimeambiwa mpira wa kasi ndogo tu ukimpiga mtoto kifuani unaweza kusimamisha moyo. Ni uvumi?

JIBU: Si uvumi. Hali hiyo madaktari huiita komoshio kodisi. Moyo hauna jeraha, mbavu hazikuvunjika, lakini pigo limetua juu ya moyo katika kipindi cha milisekunde 10 hadi 30 ambapo misuli inajiandaa kwa pigo lijalo. Mapigo huvurugika, moyo ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu. Majaribio ya wanyama yalionyesha kasi ya kilomita 64 hivi kwa saa ndiyo hatari zaidi. Mpira wa kasi kubwa zaidi huelekea kuumiza kwa njia nyingine. Hutokea zaidi kwa vijana kwa kuwa kifua chao ni laini na chembamba, na ndiyo sababu hulikuti katika orodha ya vifo vya Ligi Kuu.

Kijana akipigwa kifuani, akapiga hatua moja mbili kisha akadondoka, usidhani amekatika pumzi. Aliyekatika pumzi hujikunja, hugugumia, macho yanakuona. Huyu wa moyo hulegea na haitikii. Mtume mtu mmoja apige simu ya dharura na mwingine akimbilie AED, ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Wewe anza kukandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5, bila kusita. Mashine ikifika, ifunguliwe na kufuatwa inavyosema. Kila dakika inayopita bila mshtuo hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo AED iliyofungiwa ofisini na ufunguo wake haujulikani uliko ni sawa na kutokuwa nayo.

Kinga za kifua husaidia ikiwa zimepitishwa kwa kipimo cha hali hii mahususi. Za zamani zilitengenezwa kuzuia maumivu, na wapo wadakaji vijana waliokufa wakiwa wamezivaa.

Na kuhusu kichwa, kwa kuwa umetaja kufundisha: anayesimama na kuzungumza baada ya pigo la kichwa hajasalimika. Mtupaji Brandon McCarthy wa Oakland, Septemba 2012, alitoka uwanjani kwa miguu yake, na jioni hiyohiyo akapasuliwa kuondoa damu iliyokuwa inakusanyika kati ya fuvu na ubongo. Alipona kwa sababu alipelekwa kupigwa picha bila kungoja. Maumivu yanayoongezeka, kutapika, usingizi usio wa kawaida, au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: hospitali, sasa hivi.

SWALI: Mbona wachezaji wengi wamekufa kwa ndege ndogo? Hakuna mkosi hapo?

JIBU: Mkosi hauna nafasi hapa. Ukizichambua ajali moja moja, utakuta kila moja ina maelezo yake.

Ken Hubbs wa Chicago Cubs, mchezaji chipukizi bora wa Ligi ya Taifa mwaka 1962, alikuwa anaogopa kuruka. Akajifunza urubani ili aushinde woga. Tarehe 13 Februari 1964, akiwa na leseni changa kabisa, aliruka na rafiki yake kutoka Provo, Utah, hali ya hewa ikiwa mbaya, na Cessna yake ikaangukia ziwa lililoganda. Alikuwa na miaka 22. Rubani mpya asiyeona upeo wa macho hupoteza hisia ya juu na chini ndani ya dakika chache, na mwili humdanganya kwamba anaruka sawasawa.

Roberto Clemente wa Pittsburgh ni kisa kingine, kwa kuwa yeye alikuwa abiria. Baada ya tetemeko la Managua, mji mkuu wa Nikaragua, la tarehe 23 Desemba 1972 alikusanya misaada Puerto Rico. Habari zilipomfikia kwamba shehena za mwanzo zinaishia mikononi mwa wanajeshi wa Somoza, mtawala wa nchi hiyo, badala ya waathirika, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ilikuwa DC-7 kuukuu ya injini nne za pistoni, iliyokuwa imepata ajali ya ardhini mwezi huohuo, na ilizidishiwa mzigo kwa karibu kilo 1,900. Iliruka San Juan usiku wa tarehe 31 Desemba, ikapata hitilafu ya injini mara tu baada ya kuacha ardhi, ikaanguka baharini. Wote watano waliokuwamo walikufa, na mwili wa Clemente haukupatikana. Ndege nzito iliyopoteza nguvu ikiwa chini haina kimo cha kubadilisha kuwa kasi. Ingekuwa na mzigo halali, rubani angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kugeuka arudi.

Thurman Munson, mdakaji na nahodha wa Yankees, alijifunza kuruka ili siku za mapumziko awahi nyumbani kwa familia yake Canton, Ohio. Alianza na ndege za pangaboi, akapanda ngazi haraka mno hadi Cessna Citation, ndege ya jeti, aliyoinunua majuma machache tu kabla ya kifo. Tarehe 2 Agosti 1979 alikuwa akifanya mazoezi ya kugusa njia ya kurukia na kuruka tena katika uwanja wa Akron-Canton. Katika mzunguko wa mwisho alikuja bila kushusha flapu, vile vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoisaidia ndege kutua kwa kasi ndogo, kasi ikapungua kupita kiasi, na ndege ya jeti huchelewa kuitikia unaposukuma nguvu. Ikagonga miti na ardhi kabla ya njia, ikawaka moto. Abiria wake wawili walitoka hai. Munson, umri miaka 32, hakuwa amefunga mkanda wa mabega. Shingo iliumia, akashindwa kutoka. Wachunguzi waliandika kwamba hakutambua kuwa kasi imepungua na hakuchukua hatua. Kesho yake Yankees waliingia uwanjani wakaliacha eneo la mdakaji tupu kwa muda.

Cory Lidle, naye wa Yankees, alikufa tarehe 11 Oktoba 2006 pamoja na mwalimu wake wa urubani, ndege yao ya Cirrus SR20 ilipogonga jengo la ghorofa Manhattan. Walikuwa juu ya East River wakijaribu kugeuka nyuzi 180 katika upana usiotosha, upepo ukiwasukuma kuelekea majengo. Kanuni ya marubani hapo ni rahisi: anzia ukingo wa upande unakoelekea upepo, ili ugeuke kuukabili. Ukigeuka nao, duara lako linapanuka.

Roy Halladay alikuwa ameshastaafu alipokufa tarehe 7 Novemba 2017, umri miaka 40, akiruka chini mno na kupinda kwa ukali juu ya Ghuba ya Mexico. Vipimo vilikuta dawa kadhaa mwilini, zikiwemo amfetamini.

Ukiyaweka pamoja: pesa humwezesha mchezaji kununua ndege kubwa kuliko uzoefu wake, ratiba humharakisha, na mazoea ya kushinda humfanya asiogope panapostahili kuogopwa. Klabu zinalijua hilo, ndiyo maana mikataba mingi ya wachezaji humkataza mhusika kurusha ndege binafsi au hukata malipo akiumia humo.

SWALI: Kijana wa Baltimore aliyekufa mazoezini, aliuawa na joto au na vidonge?

JIBU: Vyote viwili vilishirikiana. Steve Bechler, mtupaji wa Baltimore Orioles mwenye miaka 23, alianguka mazoezini Fort Lauderdale, Florida, tarehe 16 Februari 2003 na kufariki siku iliyofuata. Joto la mwili lilifika nyuzi 42 za Selsiasi. Alikuwa na uzito uliozidi, alikuwa anajinyima chakula ili apungue, alikuwa na shinikizo la damu, hakuwa amezoea joto la Florida, na alikuwa akimeza kirutubisho chenye efedra. Efedra hubana mishipa ya ngozi, na ngozi ndiyo radieta ya mwili: damu isipofika juu, joto halina pa kutokea. Wakati huohuo huongeza kasi ya moyo. Ni kama kufunga madirisha kisha ukachochea jiko. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa virutubisho vyenye efedra.

Mwenye timu ajue mambo machache. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, kwa hiyo mazoezi makali ya siku tatu za mwanzo ni kutafuta balaa. Dalili ya kiharusi cha joto si ngozi kavu, kama wengi wanavyoambiwa. Mwanamichezo huweza kuwa anatiririka jasho. Dalili ni akili kuvurugika: kupepesuka, kujibu ovyo, kukasirika bila sababu. Hapo mtumbukize mwili mzima, kichwa kikiwa juu, kwenye beseni la maji yenye barafu, maji yakorogwe muda wote, hadi joto la ndani lishuke chini ya nyuzi 39, na iwe ndani ya nusu saa. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hudanganya. Cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa.

SWALI: Ugonjwa wa Lou Gehrig ulisababishwa na besiboli?

JIBU: Hakuna ushahidi wa kutosha kusema hivyo. Gehrig, mchezaji wa Yankees, alikufa tarehe 2 Juni 1941, umri miaka 37, kwa ALS, maradhi yanayoua neva za misuli huku akili mara nyingi ikibaki timamu. Alikuwa amecheza mechi 2,130 mfululizo kabla ya kujitoa mwenyewe kikosini tarehe 2 Mei 1939. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 1995 na Cal Ripken.

Na huyu ndiye tuliyemwahidi: Gehrig alichukua nafasi ya besi ya kwanza tarehe 2 Juni 1925 kutoka kwa Wally Pipp, yuleyule aliyedaka mpira uliotoka kwenye fuvu la Chapman. Mwezi mmoja baadaye Pipp mwenyewe alipigwa kichwani mazoezini akalazwa na ufa wa fuvu. Akapona.

SWALI: Na pombe je?

JIBU: Imeua zaidi ya mpira, tena mara nyingi. Ed Delahanty, mpigaji hatari wa Washington, alishushwa kwenye treni Julai 1903 kwa fujo za ulevi, akafuata reli kwa miguu gizani, akaanguka kutoka darajani ndani ya mto Niagara. Maiti ilipatikana chini ya maporomoko. Steve Olin na Tim Crews wa Cleveland walikufa baada ya boti yao kugonga gati gizani huko Florida, Machi 1993; Crews, aliyekuwa akiendesha, alikuwa amepita kiwango cha pombe. Josh Hancock wa St. Louis, tarehe 29 Aprili 2007, aliligonga lori la kuvuta magari lililokuwa limesimama barabarani na taa zinawaka, pombe kwenye damu ikiwa asilimia 0.157, kiwango halali kikiwa 0.08, na mkanda hakufunga. Klabu yake ikaondoa pombe kwenye chumba cha wachezaji, na nyingine zikafuata. José Fernández wa Miami, tarehe 25 Septemba 2016, umri miaka 24: boti, usiku, ukuta wa mawe baharini, watu watatu wakafa. Ripoti ya wachunguzi wa Florida ilisema yeye ndiye aliyekuwa usukani, akiwa na pombe na kokeini mwilini.

Nick Adenhart wa Los Angeles Angels tunamtenga makusudi. Yeye hakukosea lolote. Alitupa zamu sita bila kuruhusu pointi, na saa chache baadaye, tarehe 9 Aprili 2009, dereva mlevi alipita taa nyekundu akaligonga gari alilokuwamo. Alikuwa na miaka 22.

SWALI: Kifo cha Tyler Skaggs kilibadilisha nini?

JIBU: Kilibadilisha vipimo. Skaggs, mtupaji wa Angels, alikutwa amekufa hotelini Southlake, Texas, tarehe 1 Julai 2019, akiwa na fentanili, oksikodoni na pombe mwilini; alipaliwa na matapishi yake. Ofisa mawasiliano wa klabu aliyempa dawa alihukumiwa miaka 22 jela. Kabla ya hapo Ligi Kuu haikuwa ikiwapima wachezaji wake wote dawa za jamii ya afyuni. Desemba 2019 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuanza, na anayekutwa nazo hupelekwa kwanza kwenye matibabu badala ya adhabu.

SWALI: Clemente aliingizwaje Cooperstown, kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, haraka vile, na sheria inasema mtu asubiri miaka mitano?

JIBU: Kwa kura maalumu ya mwaka 1973, baada ya sharti la miaka mitano kuwekwa kando kwa ajili yake. Siku hizi sheria yenyewe inaruhusu mchezaji aliyefariki kufikiriwa baada ya miezi sita. Addie Joss wa Cleveland, aliyekufa kwa kifua kikuu cha utando wa ubongo mwaka 1911 akiwa amecheza misimu tisa, naye alilegezewa sharti la misimu kumi, ila alingojeshwa hadi 1978.

SWALI: Carl Mays alifungwa?

JIBU: Hapana. Alijisalimisha kwa waendesha mashtaka wa New York, wakamhoji, wakasema ni ajali. Wachezaji wa timu kadhaa walitaka kugoma wasicheze naye, mgomo ukafifia. Alirudi kutupa baada ya siku chache, akamaliza msimu ule na ushindi mara 26 na uliofuata mara 27, akacheza hadi 1929. Cleveland ndio waliotwaa ubingwa wa 1920, Joe Sewell akiwa kwenye nafasi ya Chapman. Mays alifariki Aprili 1971, mwaka uleule helmeti ilipofanywa lazima.